Ngozi au Dawa: Shangazi Anayelinda Rangi za Magari

Saa mbili asubuhi, Shangazi amepiga magoti mbele ya gari jeusi, kifutio cha mpira mkononi, akisukuma maji yatoke chini ya plastiki angavu aliyoitandaza juu ya boneti. Kiputo kimoja cha hewa kimegoma. Anakiandama taratibu hadi ukingoni, kisha anakaa chini na kukishika kifundo cha mkono wake wa kulia.

"Mkono huu unanidai likizo," anasema. "Nami sina ya kuupa."

Ana miaka arobaini na tisa, na gereji nzima inamwita Shangazi. Wateja wake huchagua moja kati ya mawili. Kuna ngozi, ndiyo hiyo plastiki inayozuia mawe na mikwaruzo, na kuna dawa ya seramiki, inayopakwa ikakauka na kung'aa, tope lisishike. Ngozi ni ghali, na gari zima humweka magotini siku tatu. Dawa huisha kwa siku moja, ila harufu yake humkaa kifuani.

"Mteja anachagua cha gari lake. Mimi nachagua pa kuumia."

Kifua anakiogopa kwa sababu. Mumewe alipuliza rangi za magari miaka ishirini bila kinyago cha maana; sasa kupanda ngazi za nyumbani kwao ni safari ya kupumzikia njiani. Tangu alipolazimika kuacha kazi, mzigo wote uko kwa mkewe.

Wiki iliyopita alikuja mjane mmoja na gari la marehemu mumewe. Alitaka dawa, iliyo nafuu. Shangazi alishukuru kimoyomoyo: siku moja tu, kisha alale. Lakini alipomulika rangi, aliona mikwaruzo imejaa nyuma ya kitasa cha mlango wa dereva.

"Hii itatoka yote, mama. Kabla ya dawa lazima nipige polishi."

Mjane aliipitisha kidole mikwaruzo ile. "Ni pete yake hiyo. Kila akifungua mlango. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

Shangazi akaiweka mashine ya polishi chini.

"Basi tusiiguse. Ngozi itakaa juu yake, ibaki ilivyo."

"Sina uwezo wa ngozi gari zima, mwanangu."

"Nani kasema gari zima? Mlango huo mmoja. Kwingine tupake dawa."

Ikawa kazi mbili kwa gari moja. Jioni alikohoa, na kikombe cha chai alikishika kwa mkono wa kushoto. "Nilijitakia," anasema, bila kulalamika.

Anachotamani sasa ni kibanda chake cha kuoshea magari. Maji na sabuni, basi. Mumewe atakaa kitini penye hewa safi, apokee funguo.

"Na abishane na wateja," anasema, akijiinua kwa kushika bampa. "Yule hata akihema, kwa kubishana humuwezi."