Fundi wa Mtandao wa Garissa Aliyejifunza Kuuliza Swali la Pili

Jua la Garissa halijaanza ukali wake, lakini chai ya Silas Musyoka imeshafunga utando juu. Hajaigusa. Simu iko sikioni, macho yako kwenye skrini, na mkono mmoja unawafukuza nzi ambao wamemzoea kuliko wafanyakazi wenzake.

"Mursal, nabad?"

"Nabad, walaal. Na wewe, nabad?"

"Nabad. Watoto wazima? Mbuzi? Mama mzazi?"

Wote wazima. Mbuzi mmoja amezaa pacha, na habari hiyo nayo inapewa nafasi yake. Mtu mwenye haraka angekuwa ameshakata simu. Silas hakati. Anavuta kiti, anaketi vizuri, kisha analeta swali la pili, lile ambalo kwa miaka mingi hakujua kwamba linasubiriwa.

"Haya. Warran?"

Nabad ni amani, nayo ndiyo salamu; walaal ni ndugu. Warran, kwa Kisomali, ni kumwambia mwenzako sasa nipe habari yenyewe. Hapo ndipo Mursal, mlinzi wa mnara wa mtandao wa zahanati kule Masalani, ulio tofauti na ule wa simu, anapofungua mzigo: betri moja ya sola imevimba, ndege wamejenga juu ya kisanduku cha waya, na upepo wa jana umelegeza kamba moja inayoshikilia mnara.

Silas anaitikia huku akitazama skrini. Kitone cha Masalani kimekuwa cha manjano tangu jana jioni, ishara kwamba laini iko hai lakini inachechemea.

"Skrini na Mursal wakikubaliana, ndipo ninapokunywa chai," anasema, na kweli anakinyanyua kikombe.

Silas, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa mtandao katika shirika moja la hisani linalounganisha zahanati kumi na tisa za Garissa na madaktari walioko mjini. Muuguzi aliye Bura au Masalani akiwa na mgonjwa anayemtatiza, hufungua kompyuta, daktari akamwona mgonjwa, na ushauri ukapatikana bila mtu kusafiri siku nzima juani. Kazi ya Silas ni kuhakikisha laini hizo zinapumua. Zahanati ni kumi na tisa, gari ni moja, na barabara nyingine mvua ikinyesha hugeuka kuwa tope tupu.

Alizaliwa Mwingi, na alikuja Garissa kwa kandarasi ya miezi sita. Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Mama yake hajakubali kwamba mwanawe anapata chakula huku, na hadi leo humtumia gunia la pojo kwa basi. Pojo hizo huliwa na ofisi nzima.

"Mama akisikia kwamba naliwa pojo zangu na watu ishirini, atakuja kunichukua," anasema Silas akicheka.

Ni mtu mwepesi wa miguu na wa maneno, Silas huyu, na wepesi huo ndio uliomponza. Zamani, kila asubuhi alikuwa akipiga simu kumi na tisa mfululizo, moja ikiisha nyingine inaanza. Nabad? Nabad. Haya, siku njema. Kisha huenda kwa mkuu wake, Bi Hinda Nunow, na kumwambia kwamba vituo vyote viko sawa. Hakuwa na chombo kingine cha kumwonyesha hali ya mtandao. Macho yake yalikuwa ni hiyo simu.

Haraka haraka haina baraka, na baraka ilimkimbia Silas asubuhi moja ya mvua za vuli, mwaka juzi.

Siku hiyo Caro Wanjugu, muuguzi wa zahanati moja ya eneo la Masalani, alikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Jina lake Arbia, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Caro alimpigia daktari simu, na daktari akataka kuona picha za tumbo kabla ya kuamua kama mama atolewe pale, maana kumpakia mja mzito katika gari kwenye barabara iliyofurika nayo ni hatari. Picha zikakataa kwenda.

Caro akampigia Silas. Silas akampigia Mursal, akauliza nabad, akajibiwa nabad, akakata simu. Kisha akamwambia Caro maneno ambayo bado yanamkera akiyakumbuka: "Mtandao uko sawa, dada. Jaribu tena."

Caro akajaribu tena. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akadhani mashine yake ndiyo mbovu, akaazima ya mwalimu wa jirani. Asubuhi nzima ikaishia hapo, gari halijaitwa, kwa sababu kila mara aliamini kwamba picha zitakwenda sasa hivi.

"Lau Silas angeniambia laini imekufa, ningeita gari mara moja," anasema Caro kwa simu, bila uchungu wa zamani. "Kilichonichelewesha si ubovu. Kilichonichelewesha ni kuambiwa kwamba ni nzima."

Arbia alifikishwa hospitali jioni, akiwa hana nguvu ya kushika hata kikombe. Alipona, na mtoto akapona. Mtoto hakuitwa Silas, kama wengine mtakavyodhani. Anaitwa Abdinasir, jina la babu yake, na anakimbia huku na huko kama ndama.

Silas alisafiri hadi Masalani akiwa amefura. Alimkuta Mursal chini ya mnara akikoroga chai, akamuuliza kwa nini alisema uongo.

Mursal, ambaye alichunga ngamia kabla ya kuchunga mnara, hakupandisha sauti. Anayakumbuka mazungumzo yale vizuri.

"Mimi nilimwambia, walaal, wewe iliuliza nabad. Nabad ilikuwa. Hakuna vita, hakuna mtu amekufa," anasema Mursal. "Mtu hawezi kuanza na balaa kabla ya salamu. Mimi nilikuwa nangoja aniulize habari, nimwambie upepo imekata waya ya kwenda kwa sista. Yeye akakata simu. Mimi ningefanya nini?"

"Na mbona hukunipigia wewe?" Silas alimuuliza.

"Nilipiga. Simu yako ilikuwa inaongea na watu wengine wa nabad."

Silas aliketi. Akapewa chai, akainywa. Miaka yote aliyokuwa Garissa alijiona mwenyeji, anakula anjera kwa mkono na kubishana bei sokoni kwa Kisomali cha kuokoteza, kumbe kwa wenyeji wake alikuwa mgeni anayeondoka mlangoni kabla ya kukaribishwa ndani.

Kabla hajaondoka, alimwahidi Caro kwamba hatamwambia tena laini ni nzima pasipo kujua. Ahadi ni deni, na hili halikuweza kulipwa kwa simu peke yake. Vituo vilikuwa vingi, na si kila tatizo lina Mursal wa kuliona.

Bi Hinda alitafuta ufadhili wa programu ya kufuatilia mtandao, yaani ya kuonyesha kwenye skrini ni laini gani iko hai, ipi inasuasua na ipi imekufa. Fedha zilipatikana, lakini kwa mkataba mmoja wa miaka mitatu. Uamuzi wa kampuni gani ipewe kazi, Bi Hinda aliutua mabegani mwa Silas.

"Ukikosea, Silas, tutakaa na kosa lako miaka mitatu," alimwambia. "Na Caro pia atakaa nalo."

Kampuni nyingi ziliandika. Zikachujwa, zikabaki mbili.

Ya kwanza ilimleta Vincent, kijana mtanashati wa Nairobi mwenye skrini ambayo, kwa maneno ya Silas, ilimtoa machozi. Ramani nzima ya Garissa ilikuwa pale, mto Tana ukipinda kwa rangi ya buluu, na kila mnara ukimetameta kijani. "Cheki hapa, mkubwa," Vincent alimwambia, "hata ukiwa kitandani unaona mtandao wako wote." Silas alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe habari za ramani ile mpaka mkewe akamuuliza kama ni ramani au ni bibi arusi.

Ya pili ilikuwa kampuni ya watu wanne kutoka Eldoret. Ilimleta Abigael, mwanamke wa maneno machache, na skrini iliyofanana na ubao wa matangazo ya shule. Majina ya zahanati, mstari chini ya mstari, na rangi kando yake. Zaidi ya kijani, manjano na nyekundu, kulikuwa na rangi ya kijivu. Silas akauliza kijivu ni cha nini.

"Hiyo ni pale tusipojua," alijibu Abigael. "Mvua ikiziba mawasiliano, programu haiwezi kuona ng'ambo. Basi haikwambii ni nzima wala haikwambii ni mbovu. Inaandika *Sina habari*."

Silas alicheka moyoni. Nani hununua programu ya kumwambia kwamba haijui? Moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye ramani. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye hakutaka kununua kwa macho. Akaomba kampuni zote mbili ziunganishwe kwenye mtandao halisi kwa majaribio. Siku ya siku ilipofika, akawaacha Vincent na Abigael ofisini Garissa pamoja na Bi Hinda, yeye akashika njia ya Masalani.

Jaribio lenyewe alilitunga na Mursal. Wangeuchomoa waya ule ule uliokatwa na upepo, unaotoka mnarani kwenda kwa Caro, wasimwambie mtu.

Mursal aliuchomoa kwa vidole viwili. Silas akampigia Bi Hinda na kumuuliza skrini zinasemaje.

Bi Hinda akasoma. Ya Abigael: zahanati imegeuka nyekundu. Ya Vincent: Masalani ni kijani.

"Angalia tena," Silas alimwomba.

"Ni kijani, Silas. Inametameta."

Mursal, aliyekuwa akisikiliza, alitikisa kichwa. "Hiyo ya ramani inasema nabad tu," alisema. "Kama mimi siku ile."

Silas anakiri kwamba roho ilimuuma, maana ramani ile aliipenda. Hata hivyo anamtetea Vincent kwa haki. Programu yake haikudanganya. Ilikuwa imeuliza mnara, na mnara ulikuwa mzima; ya Abigael iliuliza kompyuta ya zahanati yenyewe. Ya Vincent nayo ingeweza kuuliza hadi mlangoni kwa muuguzi, lakini ingetaka kifaa cha ziada katika kila zahanati, na bajeti haikuwa na nafasi hiyo. Vincent mwenyewe aliyaeleza hayo waziwazi na wakaagana kwa mikono miwili.

Wasiwasi ukabaki kwa ile kampuni ndogo. Watu wanne wanaweza kutawanyika kabla ya miaka mitatu kuisha, na hapo programu ikafa nao. Silas alimweleza Abigael hofu hiyo bila kuzunguka, naye hakuahidi kwamba kampuni yake itaishi milele.

"Basi programu tuiweke kwenye kompyuta yenu hapa hapa Garissa, si kwetu," alisema. "Sisi tukiondoka, ninyi bado mnaona."

Silas akasaini. Anasema alipokuwa akisaini alimfikiria Caro na ile mashine ya kuazima.

Tangu programu iingie kazini, mtandao wa Garissa haujawa wa ajabu. Laini bado zinakatika. Mbuzi bado wanatafuna waya, na jua bado linapika betri. Tofauti ni kwamba laini ikifa, ujumbe humfikia Silas, mlinzi wa mnara na muuguzi kwa wakati mmoja, na muuguzi huamua la kufanya akiujua ukweli. Kijivu kikitokea, Silas hupiga simu, na huko huanza na nabad, humalizia na warran.

Mpango wake ni kuwafundisha walinzi wote wa minara kuisoma skrini ile kwenye simu zao, akianza na Mursal, ambaye ameshaanza kumkosoa. Wenzao wa Mandera nao wameomba kuja kujifunza. Lakini tumaini linalomkaa moyoni msimu huu ni dogo na liko karibu. Arbia ni mja mzito tena, na siku zake zitaangukia kwenye mvua. Silas anataka tu kwamba safari hii pasiwe na mtu wa kumdanganya, hata kwa nia njema.

Kabla ya adhuhuri, kitone cha Masalani kinatoka manjano kinakuwa chekundu. Mursal amezima mitambo ili apande kukaza ile kamba. Mara simu inalia, na ni namba ya Caro, lakini sauti si ya Caro. Arbia amekuja kliniki kupimwa, na kila akija huazima simu ya muuguzi wake.

"Silas, nabad?"

"Nabad, abaayo," anasema Silas, akimwita dada kwa Kisomali. "Abdinasir mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Haya, warran?"

Silas anageukia skrini kwanza, ndipo anajibu.

"Laini ya huko imekufa, abaayo. Mursal yuko juu ya mnara anatengeneza. Caro anajua, na gari la wagonjwa tumelizuia lisitoke Masalani mpaka laini irudi."

Arbia anapumua, na sauti yake inatulia.

"Kama mnajua," anasema, "basi ni nabad."