Rambati wa Kinoo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja ya ardhi, hapa katikati ya Nairobi, nyuma ya mzee Mwingereza aliyekumbatia bahasha. Alikuwa akitafuta habari za babu wa baba yake, mfanyabiashara aliyeondoka Uingereza akafungua duka huku, kisha barua zake zikakoma. Ilikuwa siku yake ya tatu, na kwenye kabati la L faili haikuwepo.

Karani alichukua fomu ya mzee iliyoandikwa "Lambert", akalisoma jina kwa ulimi wa kwao usio na L.

"Rambati!"

Mzee akasogea. Nyuma yangu akasogea pia mama wa makamo, kitambulisho mkononi.

"Rambati ni mimi," akasema. "Wa Kinoo."

"Mama, hii jina umeitoa wapi?" karani akauliza.

"Ni ya baba. Kwetu kijana wa kwanza huitwa babu yake, na babu ya baba alikuwa mzungu wa duka ya blanketi."

Mzee hakuelewa neno, akatoa tu picha ya mfanyabiashara wake kwenye bahasha. Mama aliilaza kwenye kaunta, akaziba kofia ya yule mtu kwa kidole, akayatazama masikio kwa muda mrefu.

"Huyu ni kaka yangu mtupu," akasema polepole.

Karani akaenda kwenye kabati la R, akarudi na faili.

Mimi nilichapwa darasa la pili kwa kusema "Rondoni" badala ya "Londoni". Natamani mwalimu wangu angekuwa kwenye foleni ile.