Pita, Dada

Harufu ya nyasi zinazoozea chini ya udongo wa ngoro, yale mashimo tunayolima huku kwetu milimani Mbinga, hunirudisha darasa la sita. Dirisha letu lilitazama shamba la shule, na mvua ikinyesha harufu ile iliingia bila hodi, kama mimi jikoni kwa bibi.

Madamu wa Historia alikuwa ametufundisha jinsi mababu zetu Wamatengo walivyojificha mapangoni wakiwakimbia Wangoni. Somo zuri. Tatizo, tulikuwa na Mngoni mmoja darasani, Osmund, aliyehamia kutoka Songea. Kufikia mapumziko hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Babu zetu na Wangoni ni watani, hutukanana hadi msibani, kisha hula sahani moja. Sisi tuliiga matusi, sahani tukaiacha. Wiki haijaisha, Osmund akasema atamwomba baba yake amrudishe Songea.

Madamu aliposikia hakutuchapa, wala hakutuhubiria. Kipindi kilichofuata alisogeza madawati, akasema, "Hili ndilo pango. Ingieni."

Imelda akawa mama. Mimi, kwa ufupi wangu na kelele zangu, nikawa mtoto mchanga.

"Na mvamizi?" Madamu akauliza.

Osmund akasimama kabla hatujamgeukia. Akachukua rula ndefu ya ubaoni, ikawa mkuki, akaenda kusimama mlangoni mwa pango.

Nikalia. Jamani, nililia! Hadi darasa la jirani wakacheka.

"Mtoto analia, adui yuko nje," Madamu akasema. "Mnafanyaje?"

"Mzibeni mdomo!" wenzangu wakapiga kelele.

"Akifa je?" Madamu akauliza.

Imelda akaninyanyua kwa shida, miguu yangu ikiburuzika sakafuni. "Mimi natoka naye."

Akatoka kweli. Osmund akamtazama, akaweka rula chini.

"Pita, dada."

"We! Historia haisemi hivyo!" mtu akapiga kelele kutoka chini ya dawati.

"Najua," Osmund akajibu. "Ila mimi sikuwepo."

Madamu akageukia ubao, akaufuta, ingawa ulikuwa mtupu tayari. Mimi nilining'inia mikononi mwa Imelda kama gunia la kahawa, nikisubiri mtu acheke ili nijue nifanye nini.

Osmund hakurudi Songea.

Sasa niko kidato cha tatu. Historia ni notisi: nanakili, nafaulu, nasahau, sihisi chochote. Miaka yote nilidhani siku ile Madamu alikuwa akitufundisha walichofanya mababu. Juzi tu ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akimpa Osmund nafasi ya kufanya la kwake, mbele ya macho yetu. Sisi hatukuhitaji kupewa. Nafasi tulikuwa nayo wiki nzima, upana wa mtu mmoja, kwenye lile dawati alilokalia peke yake.