Msumari wa Hirizi

Qali Isse alikuwa amepiga picha za eksirei mjini Garissa miaka saba mizima kabla ya mtu kumuuliza leseni. Usidhani alikuwa mjanja wa kukwepa sheria. Kazi aliisomea Nairobi, cheti akakifungia sandukuni, na kliniki ya Daktari Abdilatif ikamwajiri siku hiyo hiyo aliyobisha hodi. Nani angemdai zaidi ya hapo? Lakini mwaka wa 1995 akaja mkaguzi wa mionzi, akatazama kuta zote nne akitafuta karatasi asiione. Akampa miezi mitatu: apate leseni, la sivyo mashine asiiguse tena.

Daktari Abdilatif alijua maana yake. Fundi mwenye leseni angepatikana, ndiyo, lakini mwanamume, na akina mama wa vijiji vya Balambala hawavui nguo mbele ya mwanamume hata kwa dawa. Wangerudi walikotoka na vifua vyao vinavyouma. Qali, mwanamke kama wao, alilijua hilo kuliko yeye, akajaza fomu jioni ile ile.

Bodi ya leseni ilitaka kila mwombaji afike mbele ya watahini na filamu kumi alizozipiga kwa mkono wake. Qali akachagua tisa safi, mbavu zote unazihesabu. Ya kumi akaitoa chini ya godoro. Ilikuwa ya Maka.

Hapo Daktari akakasirika hasa, na mimi simlaumu. Maka alikuwa mfugaji aliyeletwa mwaka uliotangulia akikohoa. Qali alimwambia avue kila kitu cha chuma, naye akavua bangili, herini, hata pini ya mtandio. Picha ikatoka na doa juu ya pafu. Daktari akasoma kifua kikuu, na Maka akadungwa sindano miezi miwili, mbuzi wake wakachungwa na majirani, mtoto akaachishwa ziwa kabla ya wakati. Aliporudi kupigwa picha nyingine, doa lilikuwa pale pale, halijapungua hata chembe. Qali akampapasa mgongoni, akakuta hirizi ya ngozi, nene, imening'inia katikati ya mabega. Ilipovuliwa, doa likaondoka nayo. Qali alilia. Yeye mwenyewe amevaa hirizi tangu utotoni, angekosaje kujua? Maka alijifunga mtandio wake taratibu akamwambia, "Hirizi si chuma, abaayo, dada yangu. Ungeniuliza ningekuambia."

Sasa Daktari akamsihi aiache filamu ile nyumbani. Wenzake wote watapeleka nzuri tupu, alisema, na yeye anakwenda kujichongea kwa watu wasiomjua. Wakimnyima leseni, wanawake wale atawaambia nini?

"Nikiificha hii," Qali alisema, "hata zile tisa ni uongo."

Akapanda basi la Nairobi, likafuata msafara wa polisi hadi Mwingi kwa hofu ya majambazi. Aliogopa, tena sana. Lakini bahasha ya filamu hakuifungua kuitoa ile ya kumi.

Mtahini alikuwa mzee mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alizipitisha filamu tisa mbele ya taa. Kwenye ya kumi akashusha miwani. Akauliza kasoro yake ni nini.

"Kasoro ni mimi," Qali alijibu. Kisha akaeleza yote, sindano, mbuzi na ziwa, bila kupunguza kitu.

Mzee akaiweka filamu mezani. Akataka kujua siku hizi anafanyaje.

"Nimepiga msumari ukutani karibu na mashine. Kwanza navua hirizi yangu mimi naitundika hapo. Halafu nauliza, yako iko wapi? Hakuna aliyekataa bado."

Mzee aliandika jambo refu kwenye karatasi yake, asimwonyeshe. Qali akarudi Garissa bila kujua kama bado ana kazi, akahesabu wiki tano.

Leseni ilikuja kwa posta, na muhuri wake. Daktari Abdilatif akaitia kwenye fremu ya kioo, akaingia nayo chumba cha mashine akichekelea, na kwa kuwa ukuta ulikuwa na msumari mmoja tu, akaitundika hapo. Nje benchi lilikuwa limejaa. Wa kwanza kuingia alikuwa Maka, ameanguka kisimani, mbavu zinamuuma.

Qali akaishusha fremu, akaiegemeza sakafuni.

"Mkaguzi akija je?" Daktari akauliza.

"Atainama aisome. Msumari una kazi."

Daktari akatoka, mlango ukafungwa. Qali akavua hirizi yake akaitundika, akageuka kumuuliza Maka. Maka hakungoja swali. Alikuwa ameshaipitisha yake kichwani, akanyoosha mkono ingawa mbavu zilimuuma, akaitundika mwenyewe juu ya ile ya Qali.