Tangazo la Harusi Nililokataa Kulisoma

Siku yangu ya kwanza kwenye redio ya jamii, pale karibu na Kisesa, meneja wa kituo alinikabidhi hedifoni na rundo la karatasi. "Kabula, wewe utasoma matangazo," akasema. "Vifo, mifugo iliyopotea, harusi. Na usiniachie hewa tupu." Hewa tupu ndivyo tulivyouita ukimya studioni: sekunde chache tu bila sauti, msikilizaji anahamia kituo kingine. Nilisoma matangazo hayo kwa miaka. Nakiri kwa aibu kwamba ya harusi niliyasoma kwa furaha, nikipandisha sauti, bila kuuliza bibi harusi ana umri gani.

Jumamosi niliongoza kipindi cha watoto. Minza, wa darasa la saba, ndiye aliyesoma habari za shule. Aliandika taarifa mwenyewe, na akikosea neno hakuona haya. Alirudia sentensi nzima. Jumamosi moja hakuja. Jumatatu baba yake, mfugaji anayeheshimika, akaleta tangazo la harusi. Bibi harusi alikuwa Minza. Bwana harusi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzima mwenye wake wengine.

"Shikamoo baba," nilimwambia. "Huyu si mwanafunzi?"

"Marahaba. Alivyosoma vinatosha. Wewe soma kilichoandikwa."

Nikampelekea meneja. Akaipitia karatasi, akanirudishia.

"Mambo ya familia hayo, Kabula. Sisi ni redio, siyo polisi."

"Bosi, sheria ya elimu inakataza kumwoza mwanafunzi. Na sisi tuipigie debe?"

"Soma."

Sikusoma. Nilimaliza ya vifo na mifugo, nikasema: "Nina tangazo la harusi ya mtoto wa darasa la saba, hapa hapa kwetu. Silisomi. Anayejua mwanafunzi asiyeonekana darasani, aende ofisi ya kata leo." Jina nililificha, mtoto aliyedhulumiwa hatajwi hewani. Simu ya studio ikalia mfululizo. Wengi walinitukana. Mwalimu mkuu wa Minza hakupiga. Alikwenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata, wakaongozana na mgambo hadi nyumbani kwa binti.

Walikuta mlango umefungwa. Baba naye alikuwa amesikiliza redio. Alimvusha binti ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, akamwoza ndani kabisa Sengerema, ambako masafa yetu hayafiki.

Meneja alinisimamisha kazi "kwa kuvuruga familia ya watu". Familia! Lakini hasira nyingine nilijielekezea mwenyewe: nilimwonya baba kabla ya kumwambia mtendaji. Niliporudi kazini nilianzisha vikundi vya wasikilizaji, watu wa kitongoji kimoja wanaosikiliza kipindi pamoja na kututonya wakisikia posa ya mtoto. Tulikwenda ofisi ya kata kwanza, hewani baadaye. Harusi kadhaa zilizimwa hivyo.

Miaka ikapita, Minza akatoroka na kurudi, mtoto mgongoni. Alikuja studioni akaomba mikrofoni, akataka jina lake litajwe.

"Sikuolewa," alisema hewani. "Niliozwa. Na ninyi mliokula nyama ya harusi ile, umri wangu mliujua."

Nilipostaafu, mgeni rasmi alinisifu kwa "kuelimisha jamii". Neno hilo linanikera mpaka leo. Elimu gani? Asiyejua kosa lake hamfichi mtoto ng'ambo ya maji. Wote walijua: baba, mashemeji, waliopika, na meneja wangu. Na mpaka naondoka kazini, sheria ya ndoa ilikuwa bado inaruhusu binti wa miaka kumi na tano aolewe mzazi akiridhia.

Juzi mtangazaji mmoja kijana alinitembelea nyumbani. Baada ya kuniamkia, akaniuliza, "Mama, hasira hazijakuisha tu?"

"Ziishe kwa lipi?" nikamjibu. "Minza ni mama mzima sasa, na mtihani wa darasa la saba hajaufanya."