Jirani yangu aliacha kula ili uvimbe ukose damu

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Hili nimelishuhudia mwenyewe, sina sababu ya kulitia chumvi. Nimebadilisha jina tu.

Mimi ni Mkenya, nauza spea za pikipiki hapa Kansanga. Jirani yangu Mama Neema ni Mkongo wa Bukavu, mjane, muuza vitenge. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi. Daktari wake anaongea Kiingereza na Kiganda, mama ni Kiswahili tu na Kifaransa kidogo.

Nikawa mkalimani.

Majibu ya biopsi, kile kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, yalipotoka, daktari alieleza kuwa uvimbe umejiotesha mishipa mingi ya damu, na ndiyo inayoulisha. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hukua na kusambaa upesi, kwa hiyo matibabu yasichelewe. Nikatafsiri yote. Mama akaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo akaanza kukonda. Na kabla hamjasema ni kemo, zile dawa kali za saratani, kemo ilikuwa haijaanza.

Binti yake Neema akaniambia mama hali tena, anakunywa chai ya rangi tu. Nikaenda kumuuliza.

"Mwanangu, si ulisema ile kitu inakula damu yangu?" akanijibu taratibu. "Nikikosa damu, nayo itakufa."

Kumbe mama wa watu alikuwa vitani, peke yake.

Kesho yake tukarudi kwa daktari. Hakumcheka. Alisogeza kiti, akaniomba nitafsiri polepole: ukijinyima unadhoofika wewe, uvimbe utaendelea kuchukua chake. Na mwili ukiishiwa nguvu, kemo itakushinda.

Ndipo mama akauliza alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo.

"Hiyo mishipa mingi, maana yake nitakufa?"

"Maana yake tuwahi," daktari akasema. "Siwezi kukuahidi kupona. Lakini hiyo ni dalili moja, tunaangalia na nyingine."

Siku hiyo alikula ugali na sombe, kisamvu cha kwao Kongo, nusu sahani, huku machozi yanamtoka.

Kemo amemaliza, uvimbe ulipungua, upasuaji umefanyika. Bado anafuatiliwa, hakuna aliyetuambia amepona. Ila vitenge anauza.

Nilichojifunza: mgonjwa akiitikia kwa kichwa, usidhani ameelewa. Mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake.

Waliowahi kumtafsiria mgonjwa habari nzito, mlifanyaje? Karibuni, ila tuandike kwa upole. Neema naye husoma humu.