Nilizima kompyuta ya mume wangu ndani ya fungate, akafukuzwa dada yake

Admin, jina langu lifiche, nisije nikajulikana hapa Ikwiriri. Nina miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Kibiti, nilimaliza kidato cha nne, na nina miezi mitatu kwenye ndoa. Jamani, napendwa. Mume wangu hanywi chai kabla hajanionjesha mimi. Akiniita "mwali wangu", mpaka leo nasahau nilichokuwa nafanya.

Kazi yake ni kuchora kumbukumbu za chipu, kile kidude kinachoendesha kompyuta na simu. Anachora vijumba vidogo mno, mamilioni, kila kimoja kinashika moja au sifuri, na lazima vijibu haraka bila kukosea. Anafanyia nyumbani, kampuni iko ng'ambo. Aliwahi kuniambia, "Kumbukumbu ya haraka ndiyo inayowekwa karibu na moyo wa chipu. Na wewe nimekuweka hapo hapo." Nililia.

Tulipooana, kompyuta yake kubwa ilikuwa sebuleni ikijaribu mchoro: kwenye joto, kwenye baridi, umeme ukiwa mdogo. Tukaingia fungate, zile siku saba ambazo mwali hatoki chumbani, naye kila saa ananiacha kitandani akaichungulie. Nikaona wivu. Ijumaa alipokwenda msikitini, jaribio, lililoanza kabla ya harusi, likiwa siku ya tisa, nilitoka, nikabonyeza kitufe mpaka feni ikanyamaza, nikarudi kulala. Nilidhani ataiwasha tu, iendelee pale ilipoishia.

Haikuendelea. Majibu yote yalipotea, siku ya kupeleka mchoro kiwandani ikapita, sehemu yake akapewa mwenzake. Mimi hakuna aliyenishuku, maana mwali hatoki. Sebuleni alikuwa akipita dada yake mkubwa tu, akituletea chakula. Huyo dada ndiye aliyekata mikoko kule kwao Kiongoroni, deltani, mpaka mikono ikaota sugu, ili mdogo wake asome.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nachungulia.

"Dada, umegusa nini?"

"Mimi mashine yako hata kuifuta vumbi naogopa."

"Kwa hiyo imejizima? Hukusoma, sawa, lakini hata kuacha kitu cha watu huwezi? Rudi Kiongoroni ukakate miti, ndiyo kazi unayoiweza."

Mume wangu akatoka. Dada aliinama kwenye kompyuta. Pale kwenye kitufe palikuwa na alama ya liwa, ule msandali niliokuwa nasingwa kila asubuhi. Akaifuta kwa pembe ya kanga, akatazama pazia, akaenda kufunga nguo zake.

Tangu hapo mume wangu hapokei simu za dada yake. Ananikumbatia na kusema, "Afadhali ameondoka, nyumba imetulia," nami najibu, "Kweli, mpenzi." Nampenda mno. Yale macho aliyomtazama nayo dada yake, naogopa yasije yakanigeukia mimi.

Juzi Dada alinipigia. "Wifi, mwambie nimekubali kosa. Mgongo hauwezi tena mikoko. Ijumaa nakuja kumpigia magoti."

"Dada, lakini wewe unajua..."

"Najua nini? Wewe pika wali, nimeutamani."

Mume wangu amefurahi. Amesema atamsamehe, ila lazima aseme kwa mdomo wake, mbele yangu. Mchele nimeshaupeta. Niambieni wenzangu, hata kwa matusi: nimwache Dada apige magoti, au nitoke nyuma ya pazia?